Vita au Palizi?

Wenzangu, Waingereza waliliita gugu maji kwa jina la ua, na kweli ua lake lapendeza; ndiyo sababu lilichukuliwa Amerika ya Kusini likapandwa kuwa pambo. Kiswahili hakikudanganyika: ni gugu. Lakini tangazo la pale mwaloni kwetu latuita "vitani". Nilimwuliza mzee mmoja mvuvi mbona hawang'oi. Akajibu, "Mwanangu, vita ni ya askari. Twawangoja." Hata wale wadudu mfano wa fukusi, walioachiliwa katika Ziwa Victoria upande wa Uganda mwaka 1995, walikula polepole, miaka mingi, wala hawakulimaliza. Mimi ningeandika "palizi". Mkulima gani hungoja askari wampalilie shamba lake?