MBEGU HII SI YA KUOGOPWA

Mwaka 2011 ugonjwa hatari wa mahindi ulitambuliwa Bomet, kisha ukatufikia Kisii na Nyamira. Majani hugeuka manjano, mmea hukauka, gunzi hukosa punje. Virusi viwili hushirikiana kuuleta, na wadudu huvieneza. Mahindi yakifa, karo pia imekufa!

Watafiti walipata Thailand mahindi yanayostahimili, wakayachanganya na ya kwetu. Kwa kusoma alama za jeni kwenye jani la mche, wanajua mapema upi umerithi kinga. Halafu mimea hujaribiwa Naivasha, katika kituo kilichofunguliwa 2013.

Sasa wako wanaosema eti mbegu hiyo imetiwa jeni za wanyama. Hapana jamani! Hayo ni mahindi yaliyooana na mahindi, kama mfugaji anavyochagua ndama wa ng'ombe mwenye maziwa.

Maoni yangu ni kwamba sisi tunaosoma Bayolojia tuwaeleze wazazi nyumbani. Pia tuwakumbushe kupanda maharagwe msimu mmoja, maana virusi hivyo hupenda shamba lisilopumzika mahindi. Uvumi haujazi ghala.