Jembe la mama, kahawa ya baba
Panda mlima wowote wa Umatengo, kusini mwa Tanzania, msimu wa ngoro, kile kilimo cha mashimo, uone nani kainama. Mwanamume kafyeka majani, yamelazwa miraba. Mama ndiye anayeyafukia kwa jembe, shimo baada ya shimo, mtoto mgongoni. Kahawa ikifika AMCOS, yaani chama cha ushirika, mara nyingi jina linaloitwa ni la baba. Ukishuka Mbamba Bay, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, dagaa anaanika mama, mtumbwi si wake. Wanawake wa jamii ya Dalit kule India nao hulima ardhi ya wengine, tena wakibaguliwa kwa tabaka la kuzaliwa. Kwetu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa, na baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba, sharti liwe na wanawake watatu. Wamo, nakubali. Ila mjane akidai shamba, bado kuna wazee watakaomwambia awasubiri shemeji zake.