Mimbari Isiyomtaja Mtenda



Umekwisha kujifunza kwamba "Mwizi ameiba fedha" ni kauli ya kutenda, na kwamba "Fedha zimeibwa na mwizi" ni kauli ya kutendwa. Katika sentensi zote mbili mwizi yupo. Amehama mahali tu. Sasa itazame hii ya tatu: "Fedha zimepotea." Mwizi hayupo tena. Fedha zimeondoka zenyewe, kama mbuzi aliyekata kamba. Somo hili dogo la sarufi ndilo linaloniwezesha kukueleza jambo linalonisumbua kila Jumapili: wahubiri wetu wa leo wamehamia katika sentensi ya tatu.

Sisemi kwamba wamenyamaza. La hasha, vipaza sauti havijawahi kuwa vikubwa hivi. Mwaka 2023, wakati nchi nzima ya Uganda ilipokuwa ikizungumzia mabati yaliyonunuliwa kwa ajili ya wanyonge wa Karamoja na kuishia mikononi mwa wakubwa, hata mawaziri kadhaa wakafikishwa mahakamani, nilisikia mahubiri makali sana juu ya wizi. Mhubiri aliwakemea watoto wanaoangua maembe ya jirani. Akawakemea akina mama wa sokoni wanaopunja vipimo vya maharage. Kuhusu mabati alisema tu kwamba "maadili yameporomoka". Ukimkemea asiyeweza kukufanya lolote, huo ni ukali. Ujasiri ni kitu kingine.

Haikuwa hivyo siku zote. Februari 1977, baada ya askari kuipekua nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum, maaskofu wa Kanisa la Uganda waliandika barua ya kulalamikia mauaji na uonevu uliokuwa ukitendeka nchini. Nataka uzingatie jambo moja, kwa kuwa wewe ni mwanafunzi wa lugha: barua hiyo iliandikiwa Idi Amin mwenyewe. Ilikuwa katika nafsi ya pili. Tarehe 16 ya mwezi huo Luwum aliuawa, na serikali ikatangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari. Tangu mwaka 2015 siku hiyo ni sikukuu ya taifa. Viongozi huketi mstari wa mbele, hotuba hutolewa, na ujasiri wa marehemu husifiwa na watu ambao, nadhani, wasingependa kumsikia akiwa hai.

Kwetu hapa mpakani kuna kumbukumbu nyingine iliyo karibu zaidi. Alexander Muge, askofu wa Kianglikana wa Eldoret, alikuwa akiwataja hadharani wanyang'anyi wa ardhi na watesaji wa raia katika Kenya ya chama kimoja. Agosti 1990 waziri mmoja alimwonya kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Alikuja, akahubiri, na tarehe 14 akafa kwa kugongana na lori njiani akirejea nyumbani. Wazee wa upande huu wa mpaka bado wanaisimulia siku hiyo kwa sauti ya chini.

Utaniuliza: ni nani anayemtaka mchungaji afe? Hakuna. Lakini wengi walionyamaza leo hawakutishiwa kifo. Walipewa bahasha. Paa la kanisa linavuja, kwaya haina sare, na mheshimiwa amekuja na mchango. Baada ya ibada atapewa kipaza sauti "awasalimu" waumini. Mhubiri anayejua kwamba mabati ya kanisa yatatoka mfuko gani ataanza kuchagua vitenzi vyake tangu Jumamosi usiku. Ndiyo maana nilifurahi Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alipoagiza mchango wa Rais wa Kenya kwa parokia moja urudishwe. Ni vigumu kumkemea mtu huku umeshika pesa zake.

Hata hivyo, nisingependa uniweke upande wa mashujaa. Katika mji huu wa mpakani ibada ya Kiswahili huwakusanya watu wa makabila mengi, na mara nyingine mimi huitwa kuwa mkalimani wa wageni. Miaka michache iliyopita alikuja mhubiri mzee, mstaafu, aliyehubiri kwa Kiingereza. Alisimulia jinsi nabii Nathani alivyomwendea mfalme Daudi na hadithi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake wa pekee. Mfalme alipokasirika na kudai tajiri huyo aadhibiwe, Nathani alimwambia kwamba tajiri huyo ni yeye. Kisha mzee akafunga Biblia, akautazama mstari wa mbele, akasema kwamba waliouza dawa za kituo chetu cha afya wameketi humu pamoja nasi, na kwamba wanajijua.

Kanisa lilisubiri Kiswahili changu. Mmoja wa waliokuwa mstari wa mbele alikuwa na usemi katika kupandishwa vyeo kwa walimu. Nikasema: "Anasema kwamba dawa za kituo cha afya zimepotea, tuombe."

Sentensi yangu haikuwa na kosa la kisarufi hata moja.

Baada ya ibada, mama mmoja muuza ndizi, ambaye mjukuu wake alikuwa amerudishwa kutoka kituoni bila dawa ya malaria, alinifuata mlangoni. Hakuwa na hasira. Aliniuliza kwa heshima, kama mwanafunzi anavyomuuliza mwalimu: "Mwalimu, kumbe dawa hupotea zenyewe?"

Nilimwambia kwamba nina haraka.

Yule mzee hakualikwa tena, nami nilipandishwa cheo mwaka uliofuata. Sijui kama mambo hayo mawili yana uhusiano, na sijathubutu kuuliza. Mwezi ujao tutakuwa na mgeni mwingine kutoka Kampala, na kamati imeniomba nisimame tena kando yake. Nimekubali. Yule mama bado huketi safu ya tatu, upande wa dirisha.