Mwanafunzi alipokaa mkekani

Mwezi huu tunawaletea habari ya mwanafunzi wa tiba kwa vitendo aliyekuja kufanya mazoezi ya masomo yake katika kikundi chetu cha wazazi wenye watoto wa mtindio wa ubongo. Wengi hutuuliza tiba hiyo ni nini. Si sindano wala vidonge. Ni kumsaidia mtu aziweze shughuli zake za kila siku: kula, kuoga, kuvaa, kulima, kucheza.

Siku ya kwanza alisimama mbele na daftari lake. Alifundisha vizuri tu: mtoto asilishwe akiwa amelala chali, maana uji unaweza kumpalia na kuingia kwenye mapafu. Akalishwe, kichwa kiinamie mbele kidogo. Sisi tukaitikia, "Ndiyo, ndiyo." Wiki iliyofuata akatupitia nyumbani, akatukuta wengi tunalisha vilevile kama zamani. Alivunjika moyo, tulimwona usoni. Na sisi, tusifiche, tuliona haya.

Tulipokutana tena alitusimulia nadharia aliyoisoma chuoni akafaulu mtihani, kumbe hakuwa ameielewa. Kuna mtaalamu Kurt Lewin, Myahudi aliyeondoka Ujerumani mwaka 1933 Hitler alipochukua utawala. Mkimbizi kama sisi! Huko Iowa, Marekani, yeye na wenzake Ronald Lippitt na Ralph White waliunda vikundi vya wavulana wa miaka kumi hivi, wakawapa kazi za mikono kama kutengeneza vinyago. Kikundi kilichoongozwa kwa amri kilifanya kazi, lakini kiongozi akitoka nje tu, kazi inalala. Kilichoachwa kijiendee hakikufanya mengi. Kile ambacho kiongozi alipanga pamoja na watoto kiliendelea hata yeye akiwa hayupo. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 1939.

Mama mmoja akacheka: "Basi mwanangu, sisi tulikuwa wale wa amri."

Hapo akaweka daftari chini, akakaa mkekani. Akamgeukia mama ambaye hasemagi kitu kikundini: "Mama, wewe nyumbani unamkalishaje?" Yule mama hakujibu. Alivuta beseni, akalizungushia vitenge viwili ndani, akamweka mtoto. Mtoto akakaa wima! Wengine wakaanza kujaribu, kila mmoja na vitu vyake. Mwanafunzi alirekebisha kichwa na miguu tu. Alituambia baadaye kwamba kunyamaza kulimshinda kuliko mtihani wowote.

Si kwamba mambo yote yalinyooka. Mtoto mwingine anakula kwa saa nzima, na mama yake ana wengine wanne na foleni ya maji. Beseni halitatui hilo. Tulilizungumza wazi, na jirani zake wawili wakakubali kupokezana naye asubuhi. Akina baba bado tunawahesabu kwa vidole, ila mmoja amechonga kiti cha mbao na wengine wanakiulizia.

Mwanafunzi ameshamaliza mazoezi, amerudi chuoni. Jumatano iliyopita mkeka ulitandikwa kama kawaida, na aliyeanza kwa kuuliza, "Nani amepata shida wiki hii?" ni yule mama wa beseni.

Mwenye mtoto wa namna hiyo aje naye Jumatano asubuhi. Abebe na kitenge cha ziada.