Kiti Kilicho Wazi



Juma lililopita, baada ya darasa la Alasiri, kijana mmoja alituuliza ni gari gani tulilolipenda tulipokuwa na umri wake. Huenda alitaraji tutaje gari kubwa la kifahari. Tulipomjibu kuwa ni Volkswagen ndogo, ile ya mgongo wa mviringo, alicheka sana, nasi tukacheka naye. Lakini swali lake halikututoka moyoni, kwa sababu tutakayoieleza mbele.

Wenzetu waliokulia Mombasa miaka ya 70 wanayakumbuka magari yale madogo. Palikuwa na Morris Minor, yenye adabu ya bibi wa zamani. Palikuwa na Mini, ambayo urefu wake haukuzidi sana mita tatu, na magurudumu yake yakitosha kuwekwa juu ya sinia ya pilau. Palikuwa na Renault 4, ambayo giya yake ilitokeza katika dashibodi mfano wa mpini wa mwavuli, dereva akiivuta na kuisukuma. Na palikuwa na Volkswagen, ambayo sisi watoto tukiiita kobe. Wakubwa wetu wakijisifia kuwa kobe huyo alishinda mbio za Safari mwaka 1962, akayaacha nyuma magari yenye nguvu kumshinda.

Katika mtaa wetu kobe alikuwa mmoja tu, naye alikuwa wa jirani yetu, karani wa bandarini, ambaye watoto wote tulimwita Ami. Hakuwa tajiri. Gari lenyewe alilinunua kwa mtu aliyelinunua kwa mtu. Mashine yake ilikuwa nyuma, ikipozwa kwa upepo, haitiwi maji. Na mbele, pale ambapo magari mengine huwa na mashine, Ami akitia gunia la makaa au kikapu cha samaki. Nyuma ya kiti cha abiria palikuwa na shimo dogo la mizigo, chini ya kioo. Hapo ndipo walipoketi watoto wawili wadogo kabisa, magoti kifuani, na mngurumo wa mashine ukiwatetemesha mgongo. Sisi tulipapigania mahali hapo kuliko kiti cha mbele.

Siku ya Idi, Ami akitupeleka Makadara kwa mafungu. Akijaza watoto, akitushusha, akirudi kuchukua wengine, mpaka mtaa mzima umefika. Siku nyingine akituvusha daraja la zamani la Nyali, lile lililoelea juu ya maji kabla ya daraja la sasa kufunguliwa mwaka 1980. Gari likipita juu yake, sisi tukinyamaza kimya, kila mmoja akijisomea alichokihifadhi chuoni. Hatuwashauri wasomaji wetu kupakia watoto namna ile leo. Askari wa trafiki angetusimamisha, na haki ingekuwa yake. Tunalotaka kulisema ni jingine.

Gari la Ami lilitoka kiwandani kabla ya 1961, na Volkswagen za wakati ule hazikuwa na geji ya petroli. Chini, karibu na miguu ya dereva, palikuwa na kijiti kidogo. Petroli ikikaribia kwisha, gari likianza kukohoa, dereva husukuma kile kijiti kwa mguu, na lita chache za akiba hufunguka. Sisi watoto hatukujua kazi ya kijiti kile mpaka usiku mmoja tusioweza kuusahau.

Usiku huo dada yetu mkubwa alishikwa na uchungu wa kuzaa. Marehemu baba yetu alikuwa safarini. Mama akatutuma sisi, tukiwa na miaka tisa, tukabishe kwa Ami. Alitoka na kikoi chake, bila ya kuuliza neno. Gari likakataa kuwaka. Wanaume wa mtaa wakaamka, wengine hata kanzu hawakuwahi kuvaa, wakalisukuma mpaka likanguruma. Dada akalazwa kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwa mama, nasi tukaketi mbele. Kabla ya kufika hospitali gari lilikohoa. Tulimtazama Ami kwa hofu. Akasoma bismillahi, akakisukuma kile kijiti kwa mguu, gari likaendelea. Mtoto alizaliwa kabla ya adhana ya Alfajiri. Leo yeye mwenyewe ni bibi.

Asubuhi yake tulimwona Ami akienda kazini kwa miguu, maana petroli ilikwisha na mshahara ulikuwa bado. Hakutaja jambo hilo kwa mtu. Mama alimpelekea sahani ya mahamri na mbaazi, akaipokea kwa furaha kama kwamba ndiye aliyefanyiwa wema.

Sasa tuje kwenye sababu ya swali la yule kijana kutukaa moyoni.

Sisi leo, alhamdulillahi, tuna gari la watu saba. Mlango wake wajifunga wenyewe na ndani mna baridi kama ya alfajiri ya kipupwe. Miezi michache iliyopita, mvua ya masika ikinyesha, tulikuwa tukitoka Kisauni kwenda mjini kusomesha. Ndani tulikuwa wawili, sisi na mwanetu. Tulipopita kituo cha matatu tulimwona mzee mmoja amesimama, ameshika mfuko wa plastiki juu ya kofia yake. Mwanetu akasema, "Baba, yule si babu wa msikitini kwetu?" Tukamjibu, "Ndiye, lakini tumechelewa." Tukapita. Viti vitano vilikuwa vitupu.

Tulifika darasani kwa wakati. Tukasoma, tukafasiri, tukaaga. Lakini usiku ule usingizi haukuja. Tulilokumbuka ni lile gari dogo, na watoto wawili ndani ya shimo la mizigo, na Ami akienda bandarini kwa miguu. Tukajiuliza: katika magari mawili haya, ni lipi lililo dogo?

Ndugu zetu, Mtume wetu, rehma na amani zimfikie, alifundisha kuwa mwenye kipando cha ziada amsaidie asiye na kipando, na mwenye chakula cha ziada amsaidie asiye na chakula. Mafundisho haya yamo katika Sahihi ya Imamu Muslim. Masahaba walioyapokea walisema kuwa Mtume alitaja aina za mali, moja baada ya moja, mpaka wakaona kuwa hakuna mmoja wao mwenye haki juu ya kilichomzidi. Sisi tumeyasomesha maneno hayo mara nyingi. Ami hakuwa mwanachuoni, na hatukumbuki kumsikia akiyataja, lakini aliyaendesha mitaani kila siku.

Ijumaa iliyofuata tulimtafuta yule mzee baada ya Sala. Tukaushika mkono wake, tukamwambia, "Mzee wetu, tuwie radhi. Siku ya mvua tulikupita kituoni, na tulikuona." Alitabasamu. Akasema, "Mwanangu, hata mimi nalikuona. Nikasema shekhe ana haraka, Mungu amfikishe salama."

Wapenzi wasomaji, angetulaumu ingekuwa nafuu. Sisi tulimpita, naye akatuombea dua.

Tangu siku hiyo tumekubaliana naye kuwa kila Ijumaa tumpitie nyumbani. Mara ya pili alikuja na mwenziwe, na mara ya tatu mwanetu akasema kuna bibi mmoja hapo jirani ambaye huenda kliniki kila mwezi kwa matatu. Sasa naye tunampeleka, pamoja na mjukuu wake.

Tunajua wako watakaosema kuwa zama zimebadilika, na kuwa kumpakia mtu usiyemjua ni hatari. Ni kweli, na tahadhari ni katika dini. Lakini hatusemi mpakie usiowajua. Tunasema muanze na mnaowajua: jirani wa ukuta kwa ukuta, mzee wa safu ya mbele msikitini, mama anayerudi sokoni na vikapu viwili, watoto wa chuo kimoja wanaopelekwa na magari manne ilhali moja lingetosha. Na asiye na gari ana pikipiki, na asiye na pikipiki ana mwavuli, nao una nafasi ya mtu wa pili.

Volkswagen za namna ile ziliacha kutengenezwa mwaka 2003 huko Meksiko, baada ya kuundwa zaidi ya milioni 21. Ile ya Ami iliishia uwani kwake, kuku wakatagia ndani ya viti, kisha ikauzwa vyuma. Ami naye ametangulia mbele ya haki. Hatukuwahi kumlipa petroli ya usiku ule, na kwa kuwa hayupo wa kuipokea, tumeona tuilipe kwa kuwachukua wengine.

Basi kesho mtakapotoka majumbani, mkishasoma dua ya kipando, geuzeni shingo mtazame kiti cha nyuma. Kikiwa kitupu, jiulizeni ni nani mtaani aliyestahili kukikalia.

Mwenyezi Mungu amrehemu Ami wetu na kila aliyetubeba utotoni, na atujaalie tuwe wabebaji kama wao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.