Mtoto Anapouliza Roho Imekwenda Wapi

Maziko yamekwisha, turubai limekunjwa, na majirani wamekwisha kurudishiwa viti na sufuria zao. Jioni ya siku ya tatu mama ameketi barazani akichambua maharagwe, ndipo mtoto wake wa miaka sita anapomsogelea na kumwuliza: "Mama, bibi alikuwa bado ana macho, ana mikono, ana vyote. Kilichotoka ni nini?" Mama, ambaye machozi yake hayajakauka, anajibu upesi: "Bibi amelala, mwanangu." Usiku huo mtoto anakataa kwenda kitandani. Anachelea asije naye akalala usingizi wa namna hiyo.

Jibu hilo lilitolewa kwa huruma, lakini limechanganya mambo mawili yasiyofanana. Usingizi ni kazi ya mwili ulio hai, na mauti ni mwisho wa kazi zote za mwili. Mtoto aliyeambiwa kwamba mambo hayo mawili ni mamoja hana budi kukiogopa kitanda. Isitoshe, swali lake halikuwa la kipuuzi. Ni swali ambalo wenye hekima wa mataifa mengi wamelishughulikia kwa karne nyingi, na yafaa wazazi wajue, japo kwa uchache, yale waliyoyajibu.

Watu wa kale waliona kwamba dalili ya mwisho kumtoka mtu ni pumzi. Kwa hiyo lugha nyingi ziliita roho kwa jina la pumzi au la upepo. Maneno yetu roho na nafsi yametoka katika Kiarabu, na humo yana udugu na maneno ya upepo na ya kuvuta pumzi. Wayunani na Warumi nao walifanya vivyo hivyo katika lugha zao. Ndiyo maana hata leo husemwa kwamba mtu amekata roho, kana kwamba ni uzi uliokatika.

Mwaka 399 kabla ya Kristo, mjini Athens, Socrates alihukumiwa kunywa sumu. Mwanafunzi wake Plato aliandika mazungumzo ya siku ile ya mwisho. Humo rafiki mmoja anamwuliza mzee huyo angependa azikwe vipi, naye anamjibu kwa mzaha kwamba wamzike wapendavyo, ikiwa tu wataweza kumkamata. Maana yake ni kwamba Socrates mwenyewe hakuwa ule mwili. Kwa fikira hiyo, roho ni mgeni aliyepanga nyumba, na siku ya kufa mgeni huhama.

Aristotle, aliyesoma kwa Plato, hakuridhika na jibu hilo. Alisema kwamba lau shoka lingekuwa kiumbe hai, basi kukata ndiko kungekuwa roho yake, na lau jicho lingekuwa mnyama, kuona ndiko kungekuwa roho yake. Shoka likivunjika, hakuna aulizaye kukata kumekwenda wapi. Kwake yeye, roho ni ule uwezo unaoufanya mwili uwe mwili ulio hai, wala si kitu kingine kilichofichwa ndani yake. Akaupanga uwezo huo katika daraja tatu. Mimea ina uwezo wa kujilisha, kukua na kuzaa. Wanyama wana huo, na zaidi ya huo wana hisia. Binadamu ana yote hayo, na juu yake ana akili. Kwa hesabu hiyo hata mgomba ulio nyuma ya jiko una roho ya daraja lake.

Katika nchi zetu za Maziwa Makuu nako swali hili limeandikiwa vitabu. Mwaka 1945 mmisionari wa Kibelgiji, Placide Tempels, aliyeishi miongoni mwa Waluba wa Katanga, alitoa kitabu akidai kwamba kwa Wabantu, kuwako ni kuwa na nguvu: nguvu ya uhai huweza kuongezeka na huweza kupungua. Mnyarwanda Alexis Kagame, padri na mwanachuoni, alimfuata mwaka 1956 kwa njia nyingine. Alichunguza ngeli za Kinyarwanda, akavigawa vyote vilivyoko katika mafungu manne. Katika fungu la umuntu aliweka wenye akili. Katika fungu la ikintu aliweka visivyo na akili, mnyama pamoja na mti na jiwe. Baadaye wasomi wengine wa Afrika, kama Paulin Hountondji wa Benin, waliwapinga wote wawili wakisema kwamba si halali kulivika taifa zima falsafa moja ambayo hakuna aliyeitamka.

Hata hivyo, lugha ina ushuhuda wake. Kiswahili husema yai limevunjika, lakini kifaranga ametoka. Siku ishirini na moja tu zimepita tangu kuku aanze kuatamia, na kitu kimekuwa kiumbe. Lakini je, ni saa ipi hasa kilipobadilika? Ndani ya lile yai moyo wa kifaranga ulikuwa ukipiga tangu siku za mwanzo. Tena, watu husema marehemu ametuacha, lakini wafikapo kwenye maiti husitasita: huyu asema maiti ameoshwa, yule asema maiti imeoshwa. Sarufi imesita pale pale aliposita mtoto.

Wako waliotaka kuumaliza ubishi kwa mizani. Mwaka 1907 daktari Mmarekani, Duncan MacDougall, alitangaza kwamba aliweka vitanda vya wagonjwa sita mahututi juu ya mizani ili aone kama roho ina uzito. Mgonjwa wa kwanza alionekana kupungua kiasi cha gramu 21 alipofariki. Lakini matokeo ya wengine hayakulingana na hayo, na baadhi yao hata yeye mwenyewe hakuwahesabu. Habari ya gramu 21 imeenea duniani pote, ingawa haikuthibitishwa.

Kisha ikaja tarehe 3 Desemba 1967. Katika hospitali ya Groote Schuur, mjini Cape Town, daktari Christiaan Barnard na wenzake waliuchukua moyo wa mwanamke kijana aliyeumia ubongo katika ajali ya gari, wakaupandikiza kifuani mwa Louis Washkansky. Mgonjwa aliamka, akazungumza, akaishi siku 18, kisha akafa kwa ugonjwa wa mapafu. Mwenye moyo alikuwa amekufa, na moyo wake ukaendelea kupiga kwa mwingine. Zaidi ya hayo, Washkansky hakugeuka kuwa mtu mwingine. Mwaka uliofuata kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ilipendekeza kwamba mtu ambaye ubongo wake wote umekoma kabisa, bila tumaini la kurudi, ahesabiwe amekufa, hata kama mashine bado yampumulisha. Tangu hapo pumzi peke yake, na mapigo ya moyo peke yake, havitoshi tena kuwa hukumu katika hospitali zenye mashine hizo. Jamaa walioketi kando ya kitanda cha namna hiyo wanajua uzito wa jambo hili. Wanaona kifua kikipanda na kushuka, na wanaambiwa kwamba mtu wao hayuko.

Nyumbani liko jaribio jepesi ambalo mzazi aweza kulifanya pamoja na mtoto. Achukue maharagwe kumi ya mbegu. Matano ayachemshe kwa dakika kumi, kisha ayaache yapoe. Mengine matano ayaloweke tu katika maji baridi usiku kucha. Baadaye yote yafungwe katika vitambaa viwili vyenye unyevu. Baada ya siku chache yale yaliyolowekwa yatachipua, na yale yaliyochemshwa yataoza. Hakuna aliyeona kitu kikiruka kutoka sufuriani. Moto umeuvunja mpango mwembamba wa ndani ya mbegu, na mpango huo ukivunjika haurudi. Lakini mbegu kavu, iliyoonekana kama jiwe, ilikuwa hai muda wote, ikingoja maji. Mwaka 2005 mbegu ya mtende iliyochimbuliwa katika magofu ya Masada, karibu na Bahari ya Chumvi, ilipandwa ikaota, ingawa umri wake ulikuwa miaka 2000 hivi.

Basi mama amjibu nini mtoto wake? Kwanza amwambie lililo wazi: mwili wa bibi umeacha kufanya kazi na hautaanza tena. Haoni, hasikii, haumwi, wala hasikii baridi huko kaburini. Neno hili la mwisho asilisahau, kwani watoto wengi huwaza baridi na giza bila kusema. Pili, kama nyumba hiyo ina imani yake kwamba roho imerejea kwa Mungu, na amwambie hivyo, tena kwa jina lake, kuwa ni imani. Hakuna mizani iliyoithibitisha, wala hakuna iliyoitangua. Tatu, asione haya kukiri kwamba liko fungu la swali hili ambalo hata wenye hekima hawajalimaliza. Mtoto haogopi kusikia "sijui" iliyosemwa kwa upole akiwa amekumbatiwa. Anaogopa jibu analohisi kuwa si kweli.

Na yale maharagwe yaliyokuwa yakichambuliwa barazani, huenda ni bibi mwenyewe aliyeyavuna na kuyahifadhi kwa majivu ndani ya chungu. Mvua zikianza, mama na amwite mtoto, wakayapande pamoja.