Saa ya kompyuta na kikomo cha mwaka 2038

Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kompyuta ambazo hazijarekebishwa zitajiona ziko Desemba 1901. Siku hiyo iko mbali, lakini mkopo wa miaka 15 ukisainiwa leo, tarehe yake ya mwisho tayari imeivuka.

Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Mifumo ya zamani hutunza hesabu hiyo kwenye nafasi ya biti 32, ambayo haibebi zaidi ya 2,147,483,647. Ikiongezeka sekunde moja tu, namba inageuka kuwa hasi. Ni kama kipimo cha kilometa cha pikipiki kikongwe: kikifika mwisho hakisimami, kinaanza upya.

Dawa inajulikana, nayo ni nafasi ya biti 64. Lakini kwa maoni yetu hatari haiishii hapo. Programu mpya inapoikabidhi namba programu ya zamani, ni gunia linamiminwa kwenye debe. Lugha kama C na Java, mwandishi wa programu akilazimisha, hukata kinachozidi bila kusema neno.

Ulaya ililipia somo hili tarehe 4 Juni 1996. Roketi ya Ariane 5 ilirushwa kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, ikiwa na satelaiti 4. Baada ya sekunde kama 37, namba ya biti 64 ilishindwa kuenea kwenye nafasi ya biti 16, ambayo kikomo chake ni 32,767. Safari hii mashine haikunyamaza, ilitoa taarifa ya kosa. Ila ilikuwa imepangiwa kuzima kosa likitokea, ikazima. Roketi ikapinda na kulipuka. Tume ya uchunguzi ilikuta namba 7 zilikuwa hatarini: 4 zililindwa, 3 zikaachwa ili kutoielemea kompyuta. Programu yenyewe ilirithiwa kutoka Ariane 4, na sehemu iliyokosea haikuwa na kazi tena baada ya roketi kuruka!

Kwa hiyo fundi ana maswali mawili. Je, namba inapimwa kabla ya kuhamishwa? Na isipoenea, nani anapokea taarifa?

Wenye SACCOS iliyoingia kwenye kompyuta, mwombeni fundi wenu aandike mkopo wa majaribio unaoisha mwaka 2039, nje ya hesabu halisi za wanachama, kisha mtazame tarehe inayotoka.